Miwani Yako Haikai Usoni Kwangu

Mjomba, shikamoo.

Sijui kama huko mnaitikia. Nimekuamkia tu, mdomo umezoea. Herufi nimejifundisha mwenyewe, kwa hiyo vumilia.

Tangu tukuzike sijalia. Watu wananitazama wanangoja, na mimi nangoja, hakiji kitu. Nakula, nalala, nateka maji. Basi.

Arobaini ilipopita ukoo ulikaa, wakanipa jina lako. Mimi sasa ni Kobelo. Hapa Kinole wazee wananiita hivyo bila kukosea, na mama, dada yako, ananiita kaka. "Kaka, uji tayari." Mimi, mwanawe. Najua ndiyo desturi yetu, mpwa akirithi jina karithi na mtu. Lakini akiniita anatazama chini. Wakanipa na zile kofia ulizoacha hujazimaliza kushona, na miwani.

Unakumbuka tulivyoinunua? Tulishuka Morogoro kwa Jetha, Mhindi wa dukani, ukajaribu sanduku zima. Yenye pembe nne ukasema inakufanya mkali kama askari wa Mdachi. Ile ya kubana puani, isiyo na mikono, ukapiga chafya ikarukia gunia la mchele. Jetha kanuna, wewe unamwambia, "Nataka ya kunipa uso wa mtu aliyeshiba." Ukachukua ya duara, kubwa, ya waya. Na kweli, Mjomba, uso wako ule mrefu ulijaa. Njia nzima ya kupanda unajitazama kwenye kila kidimbwi.

Sasa mama akaniomba niivae. Kila siku. Anasema nikiivaa atakuona wewe. Nikaivaa, nikajigonga kwenye kinu, maana macho yangu mazima hayataki vioo vya mtu wa sindano. Nikavumilia. Ila uso wangu mpana, ile mikono ya waya inanikata masikio, nikashuka kwa Jetha aipanue. Akakataa kuigusa. Akanishikia kioo, akasema uso wa duara ukiutia duara unakuwa sahani juu ya sahani, akanipachika yenye pembe. Mjomba, nilipendeza. Nilijiona nikafurahi kidogo, halafu ikazimika. Nikamrudishia, nikapanda na yako.

Nilimkuta mama anachambua maharage. Nikakaa mbele yake na miwani usoni, nikamwacha akutafute humo. Akanitazama weee. Halafu akaivua kwa mikono miwili, taratibu, kama anamvua nguo mtoto aliyelala.

"Imekukata masikio, mwanangu."

Mwanangu. Tangu nipewe jina lako alikuwa hajaniita hivyo. Akalia pale pale, maharage yakamwagika, na mimi nikamshika bega, mkavu vile vile. Nilifikiri nami nitalia. Wapi.

Miwani ameifunga kwenye pindo la kaniki yake, hataki tena niivae. Mbele ya watu mimi ni Kobelo. Ndani ananiita Shabani, na ananitazama usoni.

Kwa hiyo usinune, Mjomba. Jina nitalibeba, na kofia zako nitazimaliza, hata nikikosea mishono utanisamehe. Macho yakinichakaa kwa sindano nitakwenda kwa Jetha nichague yenye pembe. Siku nikilia nitakuja kaburini nikwambie. Sasa pumzika, nimekuachia uso wako.

Mpwa wako,
Shabani, anayeitikia Kobelo