Jina la Injinia Kwenye Jalada

Jumatatu, 2 Juni

Embu. Chai, mkate, kompyuta. Nimemkumbusha tena Injinia Mutuma, mtaalamu wetu wa matangi ya kupoza maziwa, asome mwongozo wa kuosha tangi niliouandika. Akajibu kwamba iko sawa. Mwongozo mzima, na chai yangu haijapoa. Hajasoma. Najua.

Ijumaa unaenda kuchapishwa. Kananu, anayeosha tangi kwenye kituo cha maziwa kule Meru, ataufuata neno kwa neno. Humo kuna asidi na klorini. Zikikutana hutoa hewa ya sumu. Sikubali kubahatisha.

Jumanne, 3 Juni

Nimempigia Injinia. Kila kitu sawa, hata mvua ya Meru. Huku mtu hakosoi kazi yako kwenye simu. Anaona atakuvunjia heshima. Heshima ya aina hii itaua mtu. Nimekasirika mpaka nikamaliza ndizi za ofisi. Bosi anasema tupeleke tu. Nimekataa.

Jumatano, 4 Juni

Fimbo ya mbali haiui nyoka, wanasema. Yangu itaua. Nimemtumia jalada peke yake. Chini ya kichwa, kwa herufi nzito: Umekaguliwa na Injinia Mutuma. Nikamweleza nakala zitafika hadi kituo cha kijijini kwao, mamake anakopeleka maziwa.

Simu ikalia papo hapo.

"Madam, unaweka jina yangu na sijasoma?"

"Ulisema iko sawa, Injinia."

Kisha akaomba nisichapishe kwanza, kesho anakuja. Nimecheka peke yangu.

Alhamisi, 5 Juni

Amekuja na kalamu nyekundu. Mkali, makini, raha kumtazama. Kufika kwenye asidi, akaacha kuandika. Nilikuwa nimebana hatua mbili zitoshe ukurasa mmoja. Maji ya kusuuza yakapotea katikati. Klorini ingemwagwa juu ya asidi, Kananu akiwa ameinamia tangi.

Tumeandika upya: SUUZA KWA MAJI MENGI. Herufi kubwa kuliko jina lake. Hakunung'unika.

Jumatatu, 16 Juni

Meru, asubuhi. Mwongozo umebandikwa ukutani. Kananu alimaliza na asidi, akasoma, akafungulia maji. Yakatiririka muda mrefu. Ndipo klorini. Kisha akainama kukagua ndani.

Hakukohoa. Alilalamika tu kwamba maneno ya kusuuza ni makubwa mno, kama ya kuandikia watoto wa nasari.

Nikamwambia pole.