Nusu Saa ya Bure

MAELEZO YA SHAHIDI
Yametolewa kituoni tarehe 12 mwezi wa tisa, saa 3:10 asubuhi.

Jina: huitwa Mzee Soli. Umri: miaka 68. Kazi: fundi viatu. Makazi: chumba nyuma ya ghala la magodoro. Elimu: darasa la tano, la sita tulikosana.

Natoa maelezo haya kwa hiari, ingawa hiari yenyewe imenichukua siku tatu.

Kwa miaka kumi na moja nafanya kazi kwenye kibaraza cha fundi cherehani, mama mjane, mbele ya maegesho ya magari. Zamani ushuru ulikuwa mmoja kwa kutwa. Wakala wa bima wa ghorofa ya pili, tunayemwita Bwana Bima, aliegesha asubuhi na hatukumwona tena hadi jioni. Kwa mtindo huo tulipendana sana.

Mnamo tarehe 1 mwezi wa sita bei ilibadilishwa. Nusu saa ya kwanza ni bure, kisha kila saa inakuwa ghali kuliko iliyotangulia. Walisema magari yatapungua. Hayakupungua, afande. Madereva ndio walioanza mbio. Kila nusu saa wanashuka ngazi kama watu waliobanwa na tumbo, wanazunguka mtaa, wanaegesha kwenye nafasi ya mwenzao. Bwana Bima naye humo humo. Na kila akishuka, lazima amsalimie fundi cherehani. Mimi salamu moja ya asubuhi hunitosha. Yeye anazo kumi na nne kwa siku, na kila moja inachekewa.

Mimi, huyo mama ananiita babu. Bwana Bima, anamwita kaka. Tumepishana miaka tisa tu, na meno yangu ni yangu.

Nikaanza kuandika kwa chaki, kwenye soli ya buti ambalo mwenyewe hakulirudia, saa anayofika na saa anayoondoka. Saa ya ukutani iliyo ndani ya duka la fundi cherehani naiona kutoka kwenye kigoda changu. Soli hiyo nimeikabidhi.

Mnamo tarehe 9, saa 4:05 asubuhi, aliegesha. Saa 4:31 alishuka kuhamisha gari. Hakulifikia. Fundi cherehani aliona shati lake limefumuka kwapani, akamwambia, "Kaka, ndivyo unavyokwenda kwa wateja hivi? Hebu vua." Akavua. Akakaa mle dukani na fulana, kwenye kiti ambacho mimi sijawahi kukaribishwa. Nusu saa ya bure ikaisha, mtu hana habari.

Saa 4:40 nilisikia kishindo nyuma yangu, na mtoza ushuru akipiga kelele, "Nakufa!" Sikugeuka. Fundi cherehani alikuwa anakata uzi kwa meno, na mkasi ulikuwa pale pale mezani. Nilipogeuka niliona visigino tu vya viatu vya mtu anayekimbia vikikata kona, cha kulia kimelika upande wa nje. Mtoza ushuru alikuwa chini, anavuja damu kichwani, kando ya gari la Bwana Bima alilokuwa akilifunga gurudumu kwa mnyororo kwa kupitisha muda.

Ndiyo maana mmemkamata Bwana Bima. Lakini alikuwa ndani, na fulana. Visigino vyake havijalika; navitengeneza mimi, tena bila haraka. Nimesikia hataki kusema alikuwa wapi, ili mtaa usimseme vibaya mjane wa watu. Hata kunyamaza amenishinda.

Siku hizo tatu kibaraza kilitulia. Salamu hakuna. Lakini na cherehani nayo haikulia.

Jana saa 11:00 jioni fundi cherehani alikuja kwenye kigoda changu. "Babu, nenda ukawaambie. Taja na fulana."

"Si uende mwenyewe?"

"Nimeshakwenda. Wanasema namtetea. Wewe watakuamini."

"Kwa nini mimi?"

"Kila mtu anajua humpendi, babu."

Sikujua kama inajulikana.

Nimesema niliyoyaona na nisiyoyaona, nimesomewa, sina la kufuta.

Sahihi: (Mzee Soli)

Maelezo haya nimeyaandika mimi na kumsomea shahidi. Soli yenye chaki imepokelewa kama kielelezo. Shahidi ameuliza kama ushuru wa kutwa unaweza kurudishwa. Nimemjibu hilo si la polisi. Amesema basi hiyo nusu saa ya bure iongezwe, iwe saa nne nzima, watu wasishuke ovyo.

Sahihi: Koplo wa zamu