Kigari cha Masanja

Kabula mwanangu,

Ni mimi, Mayu wako. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sijamwomba mtu. Ulizoea kunicheka kwamba herufi zangu zimelala kama ng'ombe waliochoka. Basi leo zicheke tena, maana nina mengi, na mtu mwingine wa kumwambia sina.

Kwanza mtoto. Masanja ni mzima. Naanza na hilo ili roho yako itulie. Ana miezi minane, ana meno mawili ya chini, ana masikio yako na zile hasira zako za njaa. Kliniki walipompima uzito mwezi uliopita, muuguzi akageuka akawauliza wenzake, "Huyu analishwa nini?" Nikamjibu mimi mwenyewe, "Analishwa na Mama Kabula, ndiye huyu unayemwona." Nilijivuna, sikatai. Hapa mtaani walianza kuniita Bibi Masanja, nikawakatalia. Mimi ni Mama Kabula. Jina hilo nililipata kwa uchungu wa siku mbili, silitoi kwa sababu umelala makaburini.

Lakini Masanja hayupo hapa nyumbani. Nitafika huko. Niache niende polepole.

Alipokuwa na miezi mitatu, wifi yako Sabina alikuja kutoka Katoro. Kaka yake, baba wa mtoto, bado anafuata rashi, kila dhahabu mpya inapovuma, leo porini huku, kesho porini kule, simu haipatikani. Sabina alinisalimia vizuri, shikamoo yake haina kasoro. Akaniona ninavyoinuka kwenye kigoda kwa kushika ukuta. Akasema, "Mama, mgongo huo hata ndoo ya lita kumi hauwezi. Mtoto atapanda wapi?"

Nikawaka. Nilimwambia ng'ombe za mahari hazikutolewa, kwa hiyo mtoto ni wa kwetu, hilo kila Msukuma analijua na hata mahakamani nitalisema. Mgongo huu umeharibika kwa kuponda mawe ya dhahabu miaka kumi na miwili, na kwa mawe hayo nikamsomesha Kabula mpaka kidato cha nne, wa kwanza katika ukoo mzima. Nani mwingine mtaa huu wa Kambarage anaweza kusema hivyo? Aliyenijibu ni mjomba wako Luhende, ndugu yangu mimi, tumbo moja. Akasema, "Dada, mila ni yako. Sasa mila itambeba mgongoni?"

Wakakaa kikao. Wakakubaliana hivi: mpaka mpunga uvunwe. Sabina akirudi akikuta nampeleka mtoto kliniki mwenyewe, namtoa nje mwenyewe, bila kumtegemea jirani, atabaki kwangu. Akikuta siwezi, atakwenda naye Katoro. Nilikubali kwa sauti kubwa ili wasisikie hofu yangu. Maana kweli, Kabula, aliyekuwa anamfunga mbeleko na kumpeleka kliniki ni Mama Zawadi wa hapo uani. Mimi nilikuwa nafuata nyuma na kadi mkononi, kama karani.

Ndipo nikakumbuka ile picha kwenye simu yako. Ulikuwa na mimba ya miezi saba, ukaja kunionyesha kigari cha mtoto, gurudumu moja mbele, mawili nyuma, makubwa kama ya baiskeli. Nikakuambia, "Ficha hiyo picha. Mtoto ambaye hajafika hanunuliwi kitu, unaita mkosi." Ukacheka ukasema, "Mayu, sinunui, nachagua tu." Sikukuachia hata uchague. Nisamehe kwa hilo, ingawa si hilo kubwa.

Nikapanda basi kwenda Katoro. Unaijua Katoro, dhahabu ikitoka watu wananunua hata vitu wasivyojua kazi yake. Huko kwenye soko la mitumba kulikuwa na vigari vimepangwa kama ng'ombe mnadani. Nilijifunga ushungi hadi puani ili nisikutane na Sabina. Muuzaji, kijana mmoja mwenye maneno, akaniletea cha magurudumu manne, kina pazia na kengele. "Mama, hiki anapanda mtoto wa waziri." Nikamwambia mtoto wa waziri hapiti kwenye mchanga wa Kambarage. Nikakisukuma kidogo tu, vigurudumu vya plastiki vikazama kama vinachimba. Nikamwambia kirudishe.

Cha pili kilikuwa na magurudumu matatu lakini fremu yake imeungwa kwa kuchomelewa. Nilipitisha kidole nikaona. Cha tatu ndicho. Chuma chepesi, matairi ya upepo yanayozibwa pancha na fundi yeyote wa baiskeli, breki ya kukanyaga kwa mguu, na mpini mrefu, Kabula, mrefu kiasi kwamba sikuinama hata kidogo. Nilisimama wima nikausukuma, nikahisi kama nimerudishiwa mgongo.

Lakini mimi sinunui kwa macho. Nikaokota jiwe pembeni ya barabara. Mkono wangu unajua uzito wa jiwe kuliko mizani, nikachagua la uzito wa Masanja. Nikalifunga kwenye khanga, nikaliketisha ndani, nikazunguka nalo soko. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwendesha bodaboda mmoja akapiga kelele, "Bibi, mjukuu wako anaitwa nani?" Nikamjibu, "Anaitwa Jiwe, na wewe hujafikia hata kokoto." Ungekuwepo ungeniziba mdomo kwa aibu. Gurudumu la mbele lilipanda tuta likashuka, jiwe halikutikisika. Nikasema, huyu ndiye. Niliporudi na kigari juu ya basi, mtaa mzima ulitoka. Watoto wakakiita bajaji ya Masanja. Tulikwenda kliniki wenyewe, mimi na yeye, yeye amekaa kama mwenyekiti wa kijiji, mimi nyuma nimevaa lile gauni la kitenge ulilonishonea. Nilipita njia ndefu makusudi ili waone wengi.

Sasa nifike pale.

Jiwe nililipima likiwa peke yake, mwanangu. Sikupima pamoja na mzigo. Na sisi, unatujua, kitu chenye gurudumu hakitembei kitupu. Baiskeli ikitoka nyumbani lazima ibebe dumu. Mkokoteni ukienda na samadi urudi na kuni. Alhamisi moja nilitoka mashineni kusaga, Masanja yuko kwenye kigari, nikautundika mfuko wa unga kwenye mpini. Nilisema, mpini mrefu hivi ni wa nini? Na mikanda ya kumfunga sikuifunga, kulikuwa na joto, ilikuwa inamwacha alama kifuani. Tukafika kwenye kile kivuko cha mtaro. Nikaukandamiza mpini ili gurudumu la mbele lipande. Mgongo ukakatika kama ulivyozoea, nikaegemea, na unga nao ukavuta. Kigari kikaja nyuma chote.

Masanja akatoka kwa kichwa.

Kulikuwa na kimya kwanza. Sitaki kukuambia kimya kile kilikuwa cha urefu gani. Halafu akalia, na mimi nikalia, na unga umemwagika juu yetu, tukawa weupe wote wawili kama watu wa mizimu.

Alikuwa na uvimbe kwenye paji la uso, kama yai. Nikauwekea maji baridi. Akanyonya chupa, akalala, akaamka, akacheka. Nikasema Mungu ni mwema. Mama Zawadi akaja akautazama uvimbe, akanitazama mimi, akasema, "Mama Kabula, Sabina anakuja keshokutwa. Mtoto wa kwanza kuanguka duniani ni huyu? Mvalishe kofia, nyamaza." Na mimi nikamvalisha kofia. Ile ya sufu ya bluu, kwenye joto lile.

Jumamosi Sabina akafika. Nilimtoa Masanja nje na kigari chake mbele ya macho yake, nikamzungusha uani, nikapiga breki kwa mguu kama dereva wa lori, nikageuka. Mjomba Luhende alipiga makofi. Sabina akaushika mpini akajaribu mwenyewe, akacheka, akasema, "Mama, nimeshindwa. Kwa kweli nimeshindwa. Atabaki."

Kabula, nilishinda. Nataka ujue kwamba mama yako alishinda. Mtoto alikuwa wangu, wali uko jikoni, wageni wameketi.

Halafu Masanja akatapika. Nikasema ni joto. Akatapika tena. Nikamwita, hakugeuka haraka kama kawaida yake, macho yake yalikuwa mazito. Sabina akasema, "Ana usingizi huyo, mlaze." Na mimi nilijua. Nilikuwa nimeyaona macho hayo. Yalikuwa yako.

Sikiliza, sasa nakuambia lile ambalo sijalisema hata kanisani. Siku ile ya kumzaa Masanja, tulipokufikisha hospitali, miguu yako imevimba mpaka kidole kikibonyeza kinaacha shimo, daktari aliniuliza kichwa kilianza kukuuma lini. Nikamjibu, "Jana." Haikuwa jana. Ilikuwa wiki nzima. Ulikuwa unafunga kitambaa kichwani na kusema, "Mayu, kinapasuka," na mimi nikakuambia mimba zote ni hivyo, mimi nilivimba nikazaa, mwanamke hakimbilii hospitali kila siku. Nilijivuna kwa uzazi wangu. Na daktari aliponiuliza niliona aibu kuonekana mama mjinga mbele ya watu wenye makoti meupe, nikasema jana. Sijui kama neno lile lingebadilisha kitu. Labda ulikuwa umeshakwenda mbali. Ila nilikuzika na neno hilo mdomoni, na kila mtu msibani akawa ananiambia nilifanya yote niliyoweza.

Basi nikaivua ile kofia. Mbele ya wote. Nikasema, "Ameanguka. Nimemwangusha mimi." Mama Zawadi akafunga macho. Sabina hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alimnyakua mtoto akakimbia barabarani kutafuta gari, mimi nyuma yake nimeshika mgongo, tukaenda hospitali.

Daktari, msichana wa umri wako, akauliza, "Ameanguka lini?" Ulimi ukaniletea lile neno jingine, lilikuwa tayari kabisa, "Leo asubuhi." Nikalimeza. Nikasema, "Alhamisi saa nne. Kutoka kwenye kigari. Sikumfunga mikanda, na nikaficha siku mbili." Akaandika. Hakunitukana. Aliandika tu, haraka haraka, akaita wenzake, wakamchukua.

Siku tatu nilikaa kwenye benchi lile. Sabina alikaa upande wa pili. Siku ya tatu wakasema uvimbe ni wa nje, ndani hakuna kilichovuja, atakua. Nilipiga magoti pale pale kwenye sakafu, na kuinuka nikashindwa. Sabina ndiye aliyeniinua. Akanishika hivyo hivyo akaniambia taratibu, "Mama, nitakwenda naye." Nikataka kusema ng'ombe hazikutolewa. Nikaliacha hilo. Nikamwambia, "Hapendi uji wa moto. Na akilala muweke upande wa kulia."

Kigari nilimpa aende nacho. Alikikataa, nikamwambia kosa si la kigari. Nilimwonyesha mikanda inavyofungwa, nikamwonyesha mara tatu, akasema ameelewa, nikamwonyesha ya nne. Nikamwambia mpini ni wa mkono, si wa mzigo.

Ndugu wanasema nilikuwa mjinga. Mjomba Luhende amesema, "Dada, mtoto alikuwa umeshampata, mdomo wako ndio umemtoa." Mama Zawadi hanisemeshi vizuri, anadhani nimemuumbua. Nyumba iko kimya, mwanangu. Nguo zake mbili zilisahaulika kwenye kamba, sijazianua. Asubuhi naamka nakoroga uji kwa mazoea, nakumbuka hayupo, naunywa mwenyewe. Sina fahari nyingine ya kukuletea zaidi ya kwamba yupo hai, na niliposhikwa na swali mara ya pili nilisema kweli. Ni fahari ndogo. Kwangu imekuwa ghali kuliko zote.

Ijumaa nakwenda Katoro. Sabina amesema nije wakati wowote, nisibishe hodi kama mgeni. Nitakaa chini kwenye mkeka aniletee mtoto mapajani, hapo mgongo hauna kazi. Nitakwenda kila mwezi mpaka miguu ikatae.

Na hili nakuahidi, ng'wanawane, mwanangu. Siku atakapokuwa na akili ya kuuliza mama yake alikufaje, simwachii Sabina jibu hilo, wala mjomba. Nitamketisha mimi. Nitamwambia ulikuwa mzuri, ulikuwa na kidato cha nne, ulimtaka kabla hajaja. Halafu nitamwambia kichwa kilikuuma wiki nzima na mimi nilijua. Akininyanyukia akaondoka, nitamwacha aondoke. Akirudi, nitakuwa pale pale.

Pumzika, Kabula. Sasa nawe umesikia.

Mimi mama yako,
Mama Kabula