Pole ya Kinyozi Cipriano

Zacatlán, 9 Machi 1946

Mwanangu Eduviges,

U mzima huko mjini? Mimi sijambo, ila goti linakataa ngazi za kanisa. Mitufaa imechanua.

Jana kinyozi Cipriano alinijia mbio sokoni na jarida mkononi. "Refugio, pole sana!"

"Pole ya nini?"

"Umekufa!"

Akanisomea: Livia Montellano, nyota mpya wa sinema, yatima wa tajiri wa kaskazini, mama yake alifariki akimzaa. Na picha ni yako. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani kicheko kikaisha.

Nieleze, mwanangu. Kama nilikufa nikikuzaa, ni nani aliyefulia watu nguo ukapata viatu vya shule?

Mama yako,
Refugio


Mexico, 20 Machi 1946

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Barua yako nimeisomea chooni studio, mahali pekee nisipotazamwa.

Jina wamenipa wao, ukoo wamenipa wao, hata lafudhi ya kwetu wameniondolea. Bosi alisema, "Nani atalipa kiingilio kumwona mtoto wa dobi akicheza binti wa kitajiri?" Mkataba ulikuwa mezani. Nikatia sahihi.

Nisamehe, na usimwambie mtu. Ni mpaka filamu ya tatu tu, nikishapata jina.

Mwanao,
Eduviges


Mexico, 4 Novemba 1951

Mama,

Shikamoo. Miaka mitatu sijakuandikia, hata kukuuliza hali naona haya. Filamu ya tatu ilipita, na ya kumi na moja pia.

Alhamisi tulikuwa na onyesho la kwanza la filamu yangu mpya. Niliposhuka garini, kati ya watu nyuma ya kamba, nilimwona mwanamke mfupi mwenye shela ya bluu. Nikasimama. Mwandishi mmoja wa gazeti akaniita, nikageuka kumtabasamia. Nilipotazama tena, hayupo.

Niambie hukuwa wewe.

Mwanao,
Eduviges


Zacatlán, 12 Novemba 1951

Mwanangu,

Mimi mzima, usihofu. Nilikuwa mimi.

Nilikuletea mikate ya jibini. Uliponitazama nikajua umenijua, nikaingiwa na hofu. Ukiniita, kazi yako itaharibika. Usiponiita, je? Nikaona heri niondoke kabla sijajua ungefanya lipi. Mikate nikampa askari wa mlangoni, alikuwa na njaa maskini.

Ulipendeza ajabu. Ila gauni limekubana mgongoni. Fundi gani huyo?

Mama yako,
Refugio


Mexico, 30 Novemba 1951

Mama yangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Leo nimemwita yule mwandishi wa gazeti nyumbani, nikamwambia, "Andika. Naitwa Eduviges Barrientos. Mama yangu ni dobi wa Zacatlán, na yu hai."

Akauliza, "Una hakika, bibie? Studio watakufukuza."

Kweli, jioni wakapiga simu: mkataba umevunjwa. Sijui kama kuna atakayenipa kazi tena. Lakini sasa nikiulizwa kwetu wapi, nitajibu.

Mwanao,
Eduviges


Zacatlán, 18 Mei 1954

Mwanangu Eduviges,

Nakusalimu kwa furaha ambayo haijaniacha nilale vizuri tangu Jumamosi. Filamu yako imefika kwetu.

Karibu miaka miwili ya kukaa bila kazi, nilidhani ndiyo basi. Na sasa huyu mwongozaji kijana amekupa nafasi ya mama, tena mama dobi! Jina lako lilipotokea kwenye pazia, lile nililokupa mimi, ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Ikanibidi nisimame.

Umeigiza vizuri, na umeongea kama sisi. Neno moja tu. Pale mwanao anapoondoka, umemlilia mikononi. Mimi siku ulipoondoka sikulia mbele yako. Nilikupungia mkono nikicheka, nikangoja basi likate kona.

Njoo Jumapili, nikuonyeshe niliposimama siku ile.

Mama yako,
Refugio