Majibu Yalikuwa Yangu

Kasha, Bukavu, tarehe 9 novemba 1983

Murhula, mujukuu wangu, bwana yangu mudogo,

Domitille wa jirani ndiye anaandika. Mimi nasema tu. Hapa mvua haichoki, maharagi inaoza mu shamba, na shangazi yako amezaa mutoto wa makelele kama weye.

Sasa kaa chini. Wakati wa likizo ulikuja na makaratasi ya université, unatafuta wazee wenye mishipa midogo ya damu imeziba mu kichwa. Ulimwambia koko yako, muzee wangu Léopold, akumbuke maneno tatu: ndizi, mbuzi, jembe. Akajibu yote, ukafurahi: «Koko, akili yako iko mupya!»

Mujinga weye! Mimi nilisimama nyuma yako. Nilinyanyua ndizi, nikaonyesha mbuzi kwa kidole, nikashika jembe. Hata ulipomuuliza tuko mwaka gani, nilimusemea kwa midomo bila sauti. Muzee wangu apate haya mbele ya mujukuu, na mimi niko hai? Hapana.

Lakini alisikia weye munganga unasema iko muzima, akatupa kinini zake za tansio, dawa ya damu kupanda, mu choo. Juzi mukono wa kuume umekufa. Anakojoa mu kitanda, analia bure. Jana nilikuwa namulisha bugali, akaniuliza: «Maman, bwana yako iko wapi?»

Nikamwambia anarudi sasa hivi.

Mu makaratasi yako, futa jina lake kwa wazima, roho yangu. Ukuje mbio umupime tena, na ukiniona karibu, unifukuze.

Mimi koko yako, bibi yako wa kwanza,
Cibalonza