Wakubwa Wote Wamesema

Bweni la Wanafunzi,
Ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pokea na nyingine ya akiba, maana huku sina wa kumwamkia asubuhi. Goti linaendeleaje? Usiniambie "afadhali", ukilisema neno hilo najua hujaenda kliniki. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaohangaika, nimewakumbuka mno.

Barua yako imefika. Habari ya nyumba nimeisoma na kuirudia: kwamba wakubwa wamekaa, wamekubaliana ipangishwe, nawe uhamie kwa Baba Mkubwa mwisho wa mwezi. Hilo nitalijibu. Kwanza nikusimulie masomo, usije ukadhani nakula na kulala tu.

Shangazi, chuo si shule. Shuleni mwalimu alitupa swali, akatuonyesha na ukurasa wa jibu. Hapa unaambiwa utafute swali lako mwenyewe, basi. Nilizunguka maktaba kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Mwishowe nikaamua kuandika kwa nini vibanda vya mboga havifi hata duka kubwa likifunguliwa jirani.

Nilisoma vitabu vya wataalamu hadi macho yakaniwasha, nikaandika walivyosema, nikajisifu. Insha ikarudi na alama ya kutia aibu. Mhadhiri wetu, tunayemwita Miwani kwa kuwa huvaa moja usoni na nyingine kichwani, akaniita ofisini.

"Hebu niambie, hawa wataalamu umewapangaje?"

Nikamwambia ukweli: kwa umri. Mkubwa kwanza, kisha anayemfuata, kama tunavyozungumza nyumbani. Alicheka mpaka miwani ya kichwani ikaanguka.

"Haya, wakubwa wote wamesema. Na wewe unasemaje?"

Nilitaka kulia pale pale, wala si kwa ajili ya alama. Swali hilo ni lako. Nyumbani kila shauri lilianzia kwa Baba Mkubwa, na hadi linifikie mimi kitinda mimba, limekwisha kuamuliwa. Wewe tu ndiye uliyesimamisha cherehani na kusema, "Ngojeni kwanza. Na huyu anasemaje?" Mara nyingi sikuwa na la kusema, lakini nilikwenda kulala nina furaha.

Miwani alinipa nafasi moja ya kuandika upya. Nikianguka, narudia mwaka. Nikaenda kukaa na wauza mboga wenyewe, nikauliza, nikaandika nionavyo mimi. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena "sikubaliani" karibu na jina la mtaalamu, mzee wa watu. Juzi imerudi. Nimefaulu, Shangazi! Nilitoka mbio nikuonyeshe, nikafika kwenye ngazi ndipo nikakumbuka ulivyo mbali.

Sasa la nyumba. Safari hii hukuniuliza, nami nimeumia. Basi najiuliza mwenyewe na kujijibu: sikubaliani. Wateja wako wanakujua hapo, kwa Baba Mkubwa hakuna pa kuweka cherehani, na goti lako haliziwezi ngazi zao. Hizo ndizo hoja za kuwasomea wakubwa. Hii ni ya kwako peke yako: nikifunga chuo nataka nigonge mlango ule ule, unifungulie wewe.

Msalimie Baba Mkubwa kwa heshima zote, hata baada ya kumsomea haya. Msalimie Baba Mdogo, na dada yangu mkubwa, mwambie gauni lake ninalo na halirudi. Mungu akulinde wewe na hilo goti.

Kabla ya kufunga bahasha nimeisoma tena barua yako. Baba Mkubwa anasema hivi, Baba Mdogo anasema vile, dada naye ana lake. Umewapanga vizuri, mkubwa kwanza. Lako sikuliona popote.

Ngojeni kwanza. Na wewe, Shangazi, unasemaje?

Mwanao akupendaye,
Kitinda Mimba