Bidon ya konkombre

Aimé mwana wangu,

Kumetulia, niko naenda sala. Mihogo iko mu sufuria. Mwangia konkombre, ile matango yetu, maji ku shina, hapana ku majani. Ile aina fupi inazaa hata mu bidon ya plastiki, lakini bidon inakauka mbio, na ku shamba hatuendaka tena.

Asubui, wakati masasi ya bunduki ililia, ulikumbatia ile bidon kama mutoto, ukakimbia mpaka kwa mapadri. Miye ulinisahau mu choo. Ni Mama Fifi wa jirani alikuja kunivuta. Wote mulicheka. Nami nilicheka, kidogo.

~~Usiguse hata konkombre moja.~~ Kula ile yenye imepinda.

Wakipiga tena, weye ushike mukono yangu. Bidon nitabeba mwenyewe.

Mama mwenye alikuzaa